Safu ya Kumi na Nne

Siku ya tatu baada ya kaka yangu Lavell kufa, Garland Voss alikuja kwangu na spika mkononi. Ilikuwa spika ya chuma ya sinema ya magari, na waya wake uliokatika ulikuwa unaning'inia. Alikuwa ameing'arisha mpaka inawaka. Voss ana miaka themanini na tano, lakini siku ile alikuwa amezipaka nywele mafuta na kuzirudisha nyuma kama kijana, maana mji ulikuwa unajiandaa kwa Siku za Zamani. Kila Agosti wazungu wa hapa Pickard huyatoa gerejini yale magari ya mwaka hamsini na saba, wake zao huvaa sketi za kuvimba na soksi fupi, na wote hucheza rokenroli mbele ya mahakama mpaka magoti yawakatae.

"Earlene," alisema. Mimi ni Bi Whitlow, mjane wa miaka sabini na saba, mhudumu wa kanisa kwa miaka arobaini, lakini kwake ni Earlene tu. "Hii nataka tumwekee Lavell ndani ya jeneza. Na nataka kusema neno kanisani. Nina kisa kimoja, watu watavunjika mbavu."

"Kisa gani?"

"Ile siku niliyoondoka na spika ikiwa bado dirishani. Alinikimbiza mpaka barabara kuu, maskini."

Nilimwambia spika arudi nayo. Kuhusu neno, nikasema nitafikiri. Nikafunga mlango, nikakaa jikoni na hasira yangu.

Wajukuu zetu hawakuiona sinema ile, kwa hiyo niseme ilivyokuwa. Lilikuwa shamba, na mbele yake ukuta mweupe mrefu. Uliegesha gari ukiukabili, ukachukua spika kutoka kwenye nguzo iliyo ubavuni pako, ukaitundika kwenye kioo cha dirisha. Bila spika uliona midomo tu inacheza. Safu zilikuwa kumi na nne. Kumi na tatu zilikuwa za wazungu. Ya kumi na nne, kando ya uzio, garimoshi likipita nyuma yetu, ndiyo iliyokuwa yetu sisi weusi.

Lavell aliajiriwa pale akiwa na miaka kumi na sita, kwanza kuokota takataka, kisha kutengeneza spika. Mikono yake ilikuwa na akili. Alijua kuziba karatasi ya ndani iliyochanwa na mvua, kuchomelea waya, kuipa sauti spika ambayo kila mtu ameitupa. Kazi haikukosekana, kwa sababu hakukuwa na Jumamosi ambayo mtu hakuwasha gari akaondoka amesahau spika dirishani. Waya ukakatika, au kioo kikapasuka, na watu wakacheka. Wengine hawakusahau. Vijana wa safu za mbele walizichukua makusudi, wakazipanga vyumbani mwao kama nyara. Hata leo, ingia nyumba yoyote ya wazee wa ule upande wa mji, utaikuta juu ya kabati, na mwenye nyumba atakusimulia huku macho yamemlegea kwa utamu.

Sasa sikieni wasichosimulia. Mwenye sinema, Bwana Gentry, alikuwa na amri moja: safu za mbele zisikae kimya hata dakika moja. Spika ikiibwa mbele, Lavell alitakiwa kukimbia nyuma, kung'oa moja kwenye safu ya kumi na nne na kuipeleka mbele. Hata zile alizozitengeneza mwenyewe mchana kutwa zilikwenda mbele. Agosti ya mwaka hamsini na saba, nguzo zetu kumi na mbili zilikuwa na spika tatu. Tulilipa kiingilio kama wao.

Kwa hiyo Lavell akawa spika yetu. Filamu ilianza Jumatano, na kufika Jumamosi alikuwa ameisikia mara tatu. Kila alipopata nafasi kidogo kazini, filamu ikiendelea, alikuja nyuma, akasimama juu ya boneti ya gari la baba, akasema sauti zote. Zilikuwa filamu za vijana wa sekondari: msichana analia kwa sababu ya dansi, mvulana mwenye jaketi la ngozi anagombana na baba yake, magari yanashindana barabarani.

"Lavell, yule analia nini tena?" watoto walimuuliza.

"Baba yake kamnyima gari."

"Gari lake mwenyewe?"

"La pili. La kwanza kaligonga."

"Kumbe wana shida hawa."

"Shida kubwa. Tuwaombee."

Nilikuwa na miaka tisa, nilicheka mpaka nikajikojolea. Yule msichana alimpa sauti ya Dada Ozella wa kwaya yetu, na yule baba mkali akawa mchungaji wetu wa wakati ule. Muziki ulipopigwa ulitufikia kwa mbali kutoka safu za mbele, na mama alikuwa akiguna. Alisema ni wa shetani, lakini mguu wake haukutulia, maana ile piano aliijua. Ndiyo tuliyoipiga kanisani kila Jumapili. Muziki wetu ulikaa mbele. Sisi tulikaa nyuma.

Nikiwa na miaka arobaini niliiona mojawapo ya filamu zile kwenye televisheni, na sauti yake. Kumbe yule msichana hakusema lolote la maana. Nilizima nikalia kwa hasira, na Lavell aliposikia alicheka tu.

Ndivyo alivyokuwa. Alitengeneza umeme wa mabasi ya shule miaka thelathini na miwili, akamzika mkewe Ionia, akawa shemasi, akafunga vipaza sauti vya kanisa letu kwa mikono yake. Mambo ya sinema hakuyalalamikia hata mara moja. Nami nilikasirika kwa niaba yake, kwa sababu mtu asiyelalamika, wengine humtungia maneno.

Na walimtungia. Jioni ya siku ile aliyokuja Voss, mjukuu wake Shavonne, aliyekuwa akiandaa ratiba ya mazishi, aliniletea kijitabu cha Siku za Zamani. Kulikuwa na picha ya Lavell akiwa kijana, amebeba spika mbili, na chini yake maandishi: "Kijana wetu mchangamfu wa spika. Enzi zile sote tulikaa pamoja chini ya nyota."

"Bibi, mpe Bwana Voss nafasi," Shavonne alisema. "Babu alimpenda kila mtu."

"Babu yako aliwavumilia. Usichanganye."

"Mzee wa watu. Ameshazeeka."

"Na mimi nilizaliwa jana?"

"Sijasema hivyo."

"Umesoma hapa? Sote tulikaa pamoja. Na nani?"

Alisoma tena. Nilimweleza alichonielewesha Mungu pale jikoni: babu yake hakuandika kitu wala hakurekodi sauti. Kitakachosemwa juu ya jeneza lake ndicho watoto watakachokwenda nacho. Kama ni kisa cha kuchekesha cha Voss, basi Lavell atabaki kijana mchangamfu anayekimbia nyuma ya gari la mtu, milele. Nilikuwa na uwezo wa kumkatalia asije. Lakini angekisimulia kwenye Siku za Zamani, mbele ya mahakama, na mimi nisingekuwepo.

"Mwandike," nikasema. "Baada ya mashemasi."

Kanisa lilijaa. Waliokaa safu ya kumi na nne na bado wako hai walikuwa tisa, nami niliwapanga benchi la pili. Mchungaji Pettway aliwakumbusha wasemaji, kama desturi yetu, dakika mbili kila mmoja. Voss alipanda mimbarini amevaa jaketi la ngozi la Siku za Zamani, akaanza. Alikuwa msimulizi mzuri, siwezi kusema uongo. Alionyesha Lavell anavyokimbia, anavyopunga mikono, anavyopotelea vumbini. Watu wakacheka. Hata Shavonne alicheka, mkono mdomoni.

Nikasimama.

"Ndugu Voss, nina swali."

Kanisa lote likageuka. Mchungaji alinitazama kwa jicho la kuniomba nikae. Sikukaa.

"Aliposhindwa kukukamata, alikwenda wapi?"

"Alirudi, nadhani."

"Alirudi wapi?"

Alishika mimbari. "Nyuma kule."

"Kule kuna nini?"

"Safu yenu."

"Alikwenda kufanya nini kwenye safu yetu?"

Nilitegemea aseme hakujua. Jibu la hilo nilikuwa nalo, nililifanyia mazoezi siku mbili. Lakini alilitazama jeneza, akasema, "Kung'oa nyingine."

"Mlijua?"

"Tulijua." Alijifuta mdomo. "Tulikuwa tunampigia honi akipita nayo. Ndiyo ilikuwa raha yenyewe, Bi Whitlow. Siyo spika."

Kwenye benchi la pili mtu alisema taratibu, "Bwana Yesu." Hakuna aliyecheka tena. Yale maneno niliyoyafanyia mazoezi hayakufaa tena, kwa sababu jambo lilikuwa baya kuliko nilivyolijua miaka yote.

Voss aliuliza kama ashuke.

"Hapana," nikamwambia. "Waeleze alitufanyia nini kule nyuma bila spika."

"Sijui alifanya nini."

"Basi kaa."

Akashuka, akakaa benchi la mbele. Nikapanda mimi, sikuwa kwenye ratiba, nikasimama kando ya kaka yangu, nikaanza na yule msichana anayelia kwa sauti ya Dada Ozella. Dakika mbili zilipita. Mchungaji hakunyanyua mkono kunizuia.