Siku Niliyokwenda Kumshitaki Mdogo Wangu

Kuna asubuhi moja siwezi kuisahau, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa sababu ya yale uliyonisomea kwenye simu yako jana. Mliandikiana juu ya yule binti wa jirani aliyetaka kujiua, na mmoja wenu akasema kwamba polisi wangemfunga kwanza, apate adabu. Ulikuwa unacheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka. Maneno hayo niliyasema kabla hujazaliwa, tena niliyasema mbele ya polisi, juu ya mdogo wangu wa tumbo moja.

Huyo mdogo ni koko wako Nsimire, mama wa mama yako, yule mwalimu wa Kavumu. Nimemuomba ruhusa. Amesema nikuambie yote, hata yale yanayoniaibisha.

Tulizaliwa kijijini Mudaka. Baba alikuwa mkatekista, mwalimu wa dini kanisani, mtu wa maneno machache. Nilipomaliza darasa la sita alisema masomo yananitosha, nikashuka Bukavu kwa shangazi kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kadutu. Sanduku langu nililibeba mwenyewe. Miaka mitatu baadaye Nsimire naye alimaliza darasa la sita, na baba akamleta mjini aanze sekondari. Sanduku lake alilibeba baba kichwani, tangu Mudaka mpaka mlangoni kwa shangazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, mikono inanuka samaki, nikaliangalia lile sanduku. Wivu wangu ulianzia hapo.

Uliendelea kukua taratibu. Shangazi alikuwa anazima redio ili Nsimire asome. Baba akija kututembelea, kabla hajanisalimu vizuri, alikuwa anauliza Nsimire yuko wapi. Na Nsimire, maskini, hakuwa na kosa. Alinipenda. Alinifundisha hesabu jioni, na mimi nilimchukia hata kwa hilo, kwa sababu alikuwa anafundisha vizuri.

Alipofika mwaka wa mwisho alipata mimba. Kijana aliyempa mimba akahama mji. Nsimire aliniambia mimi peke yangu, akanisihi ninyamaze mpaka apate nguvu ya kumwambia baba. Nilimshika mkono nikamuahidi. Lakini moyoni, mwanangu, nilifurahi. Nakuambia kama ilivyokuwa.

Jumapili iliyofuata nilipanda Mudaka. Ningeweza kumwambia baba nyumbani. Nilimwambia kwenye uwanja wa kanisa baada ya misa, watu wamesimama karibu, kwa sauti ya kusikika. Mahali pale nilipachagua mwenyewe.

Baba hakupiga kelele. Siku hiyohiyo alishuka Bukavu, akamwambia Nsimire kwamba yeye hana tena mtoto wa jina hilo, akarudi zake. Shule nayo ikamuondoa. Shangazi akamuhamishia jikoni. Kwa wiki tatu hakuna mtu aliyemsemesha mle nyumbani isipokuwa kumtuma maji. Hata mimi nilikuwa nampita kama mtu anayepita ukuta.

Ndipo akajaribu kujiua. Namna alivyofanya sitakuambia, haina faida kwako. Jirani alimkuta mapema, watu wakamkimbiza hospitali, akapona.

Nilipofika hospitali nilimkuta baba amekaa chini, ameshika miguu ya Nsimire kwa mikono miwili, analia. Sikuwa nimewahi kumuona akilia. Labda unafikiri moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Nilisimama pale nikajiuliza kama baba amewahi kunililia mimi hata siku moja, na sikuikumbuka hiyo siku. Nikamuonea wivu mtu aliyelala kwenye kitanda cha wagonjwa.

Sokoni kulikuwa na mama mmoja aliyezoea kufanya biashara nchi za jirani. Alituambia kwamba kule mtu akitaka kujiua akapona, anafungwa. Maneno hayo yalinikaa. Kesho yake asubuhi nilivaa kitenge changu kizuri, nikaenda kwa polisi.

Afisa aliyeandika mashitaka alikuwa mzee kidogo, mtu wa Mwenga kwa namna alivyosema. Nilimweleza kwamba mdogo wangu ametenda kosa, na familia inataka sheria ifuate njia yake. Familia haikuwa imenituma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akachukua kitabu cha sheria na kukifungua polepole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikaanza kuona haya bila kujua kwa nini. Kisha akakifunga.

“Maman, mu hii kitabu hakuna artikle yenye inafunga mutu mwenye alitaka kujiua,” akasema. “Kwetu hapa huyo mutu iko mugonjwa, haiko mwizi. Sasa uniambie: nini ilimufikisha pale?”

Nikaanza kueleza. Nikasema juu ya mimba, juu ya shule, juu ya baba.

“Na baba, nani alimuambia?”

Alikuwa anangoja, kalamu iko mkononi. Mwishowe nikasema ni mimi.

Hakuandika kitu. Alisema kwamba hata kwangu hana artikle, yaani kifungu cha sheria, cha kunifunga nacho, na kwamba hilo linamsikitisha zaidi. Akaniambia nirudi hospitali nikae karibu na mdogo wangu, kwa sababu mtu wa namna hiyo asiachwe peke yake.

Nilirudi kwa miguu. Nsimire alikuwa macho. Nikapiga magoti, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemsema kwa baba, na kwamba natoka polisi, na nilichokwenda kutafuta kule.



“Nilijuaka ni weye,” akasema. “Niliambiaka weye peke. Nilikuwa nangoja tu unisemeshe.”

Hakunisamehe siku hiyo, wala mwezi huo. Lakini hakunifukuza, na mimi sikuondoka. Mwuguzi mmoja alikuwa anazungumza naye kila siku, na hata baada ya kurudi nyumbani nilikuwa nampeleka kwake. Mtoto alizaliwa salama, ndiye mama yako. Mwaka uliofuata mimi niliuza sokoni huku mama yako yuko mgongoni, Nsimire akarudi shuleni akamaliza masomo.

Kwa baba nilikwenda mwisho. Nilimwambia kwamba mimi pia nilitaka kusoma. Akasema, “Mwanangu, hukuniambiaka.” Ilikuwa kweli. Miaka yote ile nilikuwa namuadhibu Nsimire kwa neno ambalo sikumwambia baba.

Kwa hiyo nisikilize. Wivu ukikushika, usione haya kuutaja mapema mbele ya yule anayeweza kukusikia, kabla haujatafuta mtu wa kumla. Siri ya mtu mwenye hofu usiitoe. Na yule binti wa jirani, usiulize atafungwa lini. Uliza nani alimpita bila kumsemesha, na kama ni wewe, nenda leo. Na siku ukiona maisha yamekushinda wewe mwenyewe, njoo uniamshe, au muamshe mama yako, au nenda kwa mwuguzi. Mlango wangu haufungwi kwa ajili ya jambo hilo.

Mungu akupe ulimi unaotuliza, mwanangu. Akupe watu wa kukuuliza habari zako na kungoja jibu. Na uishi mpaka uzeeke ukiwa na ndugu zako wote.