Shangazi Alivyonisifu Ofisini

Kiwanda chetu cha pasi za umeme, kule Stratford, London, kilifungwa siku ya Ijumaa. Meneja alipanda juu ya kreti akatuambia kazi inahamia ng'ambo, upande wa Asia. Shangazi yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzipima pasi zilizokwisha kuundwa, aliguna.

"Babu yangu aliondoka upande huohuo kuja Mombasa kutafuta kazi," aliniambia kwa Kiswahili. "Sisi tukatoka Mombasa, tukaifuata huku. Sasa yenyewe imerudi kwa babu."

Sisi ni Wahindi wa Mombasa, na nyumbani tuligombana na kucheka kwa Kiswahili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule niliishia darasa la saba, na kusema na watu kulinitoa jasho. Kiwandani hilo halikuwa tatizo. Kazi yangu ilikuwa kufunga skrubu, na skrubu haikuulizi hali.

Serikali iliwapa watu waliopoteza kazi namna ile nafasi ya kujifunza kazi nyingine, na posho juu yake. Mimi nilitaka kozi ya kutengeneza mashine za umeme. Nikiikosa, ningepelekwa Leicester kwa ami yangu mwenye duka, nisimame nyuma ya kaunta kutwa nzima nikizungumza na wateja habari za mvua. Nikiliwaza lile duka, chakula kilinishinda.

Ofisi ya ajira nilikwenda peke yangu. Nilipokewa na mama wa Kiingereza, miwani yake ikining'inia kwenye mnyororo.

"Unajua kufanya nini vizuri?" akaniuliza.

Kwetu mtu hajisifu. Ukiulizwa kama unajua, unasema unajaribu, kisha aliye pembeni yako ndiye husema, "Muongo huyo, ni fundi kabisa." Basi nikamjibu, "Si kitu. Najaribu tu." Nikangoja. Pembeni yangu palikuwa na kiti kitupu.

Akaandika. "Mashine unazijua?"

"Kidogo."

"Na pasi?"

Pasi nilikuwa nimezifunga miaka mitatu. "Kidogo sana," nikasema, nikizidisha adabu.

Akaandika tena, akaniambia kwa huruma kwamba kozi ile inataka watu waliokwisha kuzizoea mashine.

Shangazi aliposikia, aliweka chini mwiko. "Ulikwenda peke yako? Sasa ulitaka nani akusifu, kabati? Hata posa haipelekwi na bwana harusi."

Kesho yake alivaa nguo zake za harusini, akavaa na koti la mvua juu, tukarudi kwa mama yuleyule. Shangazi alivuta kiti, akaanza kwa Kiingereza chake cha kiwandani.

"Kijana huyu havuti, halewi. Mama yake hajapata kumwita mara mbili. Kwenye ukoo wetu hakuna mwenye kifafa."

"Bibi, naulizia mashine," yule mama akasema.

"Huko ndiko ninakoelekea. Pasi zake nilizipima mimi. Hata moja sikuirudisha. Na redio yangu ilipokufa, aliifufua kwa kisu cha siagi."

Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Kalamu ya yule mama ilikuwa mbioni. Alipofika chini ya ukurasa akamtazama shangazi. "Na wewe pia umepoteza kazi. Unajua nini?"

Shangazi akainamisha kichwa. "Mimi? Mtu mzima tu. Najaribu."

Yule mama akashika kalamu aandike. Shangazi alinitazama kwa pembe ya jicho, nami nikaelewa kwamba zamu ni yangu.

"Muongo huyo," nikasema.

Yule mama alishtuka. Pengine hakuzoea kusikia watu wakiwatukana shangazi zao. Lakini mdomo ulikwisha kufunguka, haukuweza kufungika. Nikamwambia kwamba shangazi huijua pasi mbovu kwa kuinusa, kabla haijatoa moshi. Nikamwambia wahandisi wenyewe walimwita, naye akawaonyesha waya ulioungua. Nilisema mengi kuliko niliyoyasema London tangu nifike. Nilipomaliza, shangazi alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa koti.

"Umezidisha," akaninong'oneza kwa Kiswahili, amefurahi.

Barua zilikuja mbili, kozi moja. Duka la Leicester nikaepukana nalo.

Siku ya kwanza mwalimu alitutaka kila mmoja asimame, ajitambulishe, na aseme anajua nini. Zamu yetu ikafika. Shangazi akasimama kwanza, akakohoa, akaninyooshea kidole.

"Huyu," akasema, "havuti, halewi."