Mwalimu Aliyetaka Niogope

Binti yangu alikufa kwa degedege wakati wa mvua, na mvua zilipokatika nikapelekwa kujifunza kuendesha pikipiki za magurudumu manne. Mambo hayo mawili hayakuhusiana, lakini siwezi kukumbuka moja bila jingine.

Nilikuwa bibi mifugo katika ofisi ya Sumbawanga. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipokuwa ikijitoa kwenye mambo mengi. Majosho yalikuwa yamekauka, dawa za ng'ombe ziliuzwa madukani kama sukari, na wenzangu wengi walikuwa wamepunguzwa kazini. Mume wangu, karani wa ushirika mpaka ushirika ulipofungwa, alikuwa Tunduma akiuza mitumba. Alikuja msibani, akakaa mpaka tulipoanua matanga, akarudi kwenye biashara yake. Sikumlaumu. Sikumlaumu mtu yeyote. Nilikula nilipopewa chakula, nikalala nilipoambiwa ni usiku.

Hata kuitwa kulikuwa kumeharibika. Mtaani kote nilijulikana kwa jina la mtoto, mama fulani. Baada ya mazishi watu hawakujua waniiteje, wakawa wananisalimu haraka na kupita. Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kutoka Laela kukaa nami, naye alinisemesha kwa Kifipa tu, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Ndipo mradi mmoja wa wafadhili ukaleta mashine: hizo pikipiki, pamoja na vigari vidogo vya wazi vyenye vyuma juu ya vichwa vya waliokaa na sanduku la mizigo nyuma. Zilikuwa za kupelekea chanjo kwa wafugaji wa bondeni, ambako gari la ofisi lilizoea kuzama kwenye tope. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa bila cheti. Mkuu wangu wa kazi akaniita.

"Utakwenda wewe na vijana wawili wa chanjo," alisema, macho yake yakiwa dirishani. "Ukiendelea kukaa tu utaumwa."

"Sawa," nikasema. Angeniambia nikafagie uwanja wa ndege ningesema hivyo hivyo.

Tulifundishwa nje ya mji, kwenye nyasi tupu ambapo upepo wa kiangazi huvuma kutwa nzima bila kitu cha kuuzuia. Mwalimu alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka Mbeya, mrefu, mwenye kikohozi kisichokwisha. Siku ya kwanza nilimwamkia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, bibi mifugo. Umewahi kuendesha chochote?"

"Baiskeli."

"Basi isahau. Hii haiendeshwi kama baiskeli."

Alitufundisha kwamba mashine ile huongozwa kwa mwili mzima. Ukipanda mlima, unainama mbele. Ukishuka, unarudi nyuma ya kiti. Ukikata kona, unalalia upande wa ndani. Mafuta unayabonyeza kwa dole gumba. Mguu hautolewi kamwe kugusa ardhi, kwa sababu gurudumu la nyuma litaukanyaga. Kwenye kigari, unafunga mkanda, na kikipinduka mikono inabaki ndani. Niliyashika yote upesi. Kichwani mwangu hapakuwa na kitu kingine cha kuyazuia.

Wale vijana walipiga kelele kila pikipiki iliporuka tuta. Mimi nilipita tuta hilo hilo kwa mwendo mkali kuliko wao, kimya. Siku moja nilikata kona ubavuni mwa kilima, magurudumu ya juu yakanyanyuka, na mashine ikanilalia. Nilikuwa chini yake nikinusa petroli na kutazama mawingu. Wakaja mbio, wakainyanyua.

"Umeumia?" mwalimu akauliza.

"Sijui."

Goti lilikuwa linavuja damu. Aliliosha mwenyewe kwa maji ya chupa, akaniuliza, "Uliogopa ilipoanza kupinduka?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hapana, mwalimu."

Siku ya mtihani nilipita kila kipengele, nikavuka kijito na kupanda ng'ambo bila kuzima injini. Vijana wakapewa vyeti vyao. Mimi akaniita pembeni.

"Wewe sikupi bado," akasema. "Unaendesha vizuri kuliko wao. Lakini nimewaona jeshini watu wasioogopa. Niliishia kuwapelekea ndugu zao mizigo yao."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama akisonga ugali wa ulezi. Akauliza kama nimefaulu.

"Hapana. Anasema siogopi."

Mama aliendelea kusonga. "Hata mimi nimeliona hilo," akasema.

Juma lililofuata mwalimu alinipakia kwenye kigari, mimi kwenye usukani na yeye kando yangu, akaniambia nishike njia ya Mtowisa, ile inayoteremka kutoka uwanda wetu mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyotupanda usoni. Njia ilikuwa imechimbwa na mvua, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu. Yeye alikuwa anakula karanga.

Tulipofika kwenye changarawe, sehemu ya nyuma ya kigari ikaanza kuteleza kuelekea ukingoni. Nilikanyaga breki, tukazidi kuteleza. Nikaachia breki kama alivyotufundisha, nikageuzia usukani mlimani, tukaugonga ukuta na kusimama. Karanga zilikuwa zimemwagika kwenye mapaja yake. Niliiona mikono yake, ya mzee, imeshika chuma kwa nguvu mpaka mishipa imesimama. Nikazima injini.

"Mwalimu," nikasema, "shuka."

"Kwa nini?"

"Shuka utembee. Nitakusubiri pale chini."

"Nimelipwa kukaa hapa."

"Sikuchukui tena mpaka njia inyooke. Shuka."

Akajikung'uta karanga, akashuka. Niliteremka taratibu kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, jasho likiniingia machoni, nikiogopa kila jiwe. Alipofika chini alikuwa akikohoa na viatu vimejaa vumbi.

"Hicho cheti ni chako," akasema.

Mama aliondoka siku chache baadaye. Alisema mahindi yake yanaliwa na panya, nikamsindikiza stendi akapanda basi la Laela. Sikulia alipoondoka. Woga ulikuwa umerudi, lakini peke yake. Njaa ilifuata baada ya muda, kisha hasira, nyingi tu, na mume wangu ndiye aliyezipata zote alipokuja na marobota yake ya nguo.

Kilio kilichelewa kuliko vyote. Kilinikuta Mtowisa, kwenye zizi la mfugaji mmoja Msukuma, nikiwa nimeshika bomba la sindano na ng'ombe wamepangwa mstari. Hakuna kilichotokea wala aliyesema neno. Kilianza tu, na sikuweza kukizuia. Mwenye zizi alidhani ni vumbi la kwato limeniingia machoni. Akamwita mkewe, nikaletewa maji kwenye kibuyu, nikanawa uso.

"Limetoka?" akauliza.

"Bado," nikasema, nikamwomba amsogeze ng'ombe anayefuata.