Vifaranga Wasiolia

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani Singida Mjini, nilikuwa nesi kijana katika wodi ya kifua kikuu. Kila asubuhi niliwachoma wagonjwa sindano za streptomaisini. Walizichukia kwa maumivu yake. Mimi sikujua kama zina ubaya mwingine.

Mmoja wao alikuwa bibi mfugaji kutoka Mungaa. Ilikuwa wiki yake ya tano, kikohozi kimepungua na mwili umeanza kurudi. Siku moja nilimkuta anaota jua nyuma ya wodi, anamtazama kuku wa mpishi wa hospitali na vifaranga wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza.

"Mwanangu, hawa vifaranga wana ugonjwa gani? Wanafungua midomo, hawatoi sauti."

Nilidhani ananitania, maana kelele zao nilizisikia tangu mlangoni. Lakini kuku mwenyewe alipowaita, bibi alisema huyo anamsikia vizuri. Na mimi alikuwa akinijibu bila shida. Iweje sauti nene aisikie, nyembamba impotee?

Nilivua saa yangu ya mkononi, yenye mlio mwembamba wa tik-tik, nikamwomba afumbe macho. Nikaisogeza polepole kuelekea sikioni, aniambie akianza kuisikia. Mimi niliisikia mkono ukiwa umenyooka. Yeye alisubiri mpaka saa ikagusa nywele zake, ndipo akasema labda ipo. Akaongeza kwamba kwa siku tatu kuna mvumo kichwani, ila hakutaka kulalamikia dawa inayomponya.

Nilikwenda kwa daktari nikihofia kuchekwa. Hakucheka. Alikuja, akampima mwenyewe, kisha akanieleza kwamba sindano ile huweza kuharibu masikio, na kwa wengi huanza na sauti nyembamba. Mtu huendelea kuzungumza na wenzake asijue anachopoteza. Siku hiyohiyo akaisimamisha, akamwandikia vidonge badala yake.

Bibi aliuliza kama masikio yatapona. Daktari hakumficha: kilichopotea huenda kisirudi, tunazuia kisiongezeke. Bibi akanigeukia.

"Basi wapime na hawa wengine. Mimi nimekaa kimya siku tatu."

Tangu hapo kila Jumatatu nilipita kitanda kwa kitanda, nikiuliza habari za mvumo na kizunguzungu, kisha nikisogeza saa na kuandika umbali kwenye daftari. Bibi alirudi kwao akiwa bado anasikia maongezi.

Wiki chache baadaye, mgonjwa mmoja mzee, mfanyakazi wa reli kutoka Manyoni, hakuisikia saa kwa sikio la kushoto mpaka ilipokaribia shavu. Wiki iliyotangulia alikuwa ameisikia kutoka mbali. Alikasirika, akasema yeye ni mzima, mimi ndiye nisiyejua kupima. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu alifumbua macho mwenyewe, akaitazama saa ikiwa karibu na uso wake, akaniambia taratibu nikamwite daktari.