Siku Niliyonyolea Ndevu Wembe wa Babu

Haya, leo naitoa siri hii, maana nimechoka kuwa nayo peke yangu: mimi, mtu mzima na mvi zangu, nilisimama mbele ya ukoo mzima, kidevu kimejaa vipande vya tishu, nikajisifia jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Naishi Misugusugu, peke yangu tangu mama afariki (mke tuliachana zamani, hayo tuyaache). Kwenye sanduku lake la bati, chini ya kanga, nilikuta wembe wa kukunja umeliwa na kutu. Utotoni niliwahi kuuona, mama akaniambia tu, "Hicho cha kwa baba yako, Kisarawe." Baba alifariki nikiwa na miaka miwili, mama akanipeleka kwao Singida, kwa hiyo cha baba sina kitu, si picha wala shati. Ningeweza kumpigia baba mkubwa nikamuuliza, namba ninayo, ila nilikuwa sijampigia miaka minne na niliona haya kuanzia kwenye wembe. Nikaamua kutafuta majibu mtandaoni. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Wiki tatu, nikitoka ofisini hata chai sijanywa nimeshakaa na siki, msasa na mafuta ya cherehani. Kutu ilipotoka, kwenye chuma zikajitokeza herufi na taji dogo, nikalinganisha na picha kwenye simu, nikahitimisha: wembe wa kinyozi, wa Ulaya, wa zamani sana, kwa hiyo babu alikuwa kinyozi wa Wazungu! (Nani kaniambia? Hakuna. Ukikaa peke yako unajiuliza na kujijibu mwenyewe.) Mpini wake wa pembe ulikuwa na mikwaruzo, mistari mistari, nikaipiga msasa yote mpaka ukawa laini kama sahani. Niliupenda jamani, nikawa hadi nauongelesha.

Ikaja harusi ya mjukuu wa baba mkubwa, huko huko Kisarawe. Asubuhi yake nikajinyoa kwa wembe ule, nikajikata mara tano, nikautia mfukoni, huyo!

Nikawakuta wazee mkekani, pilau imeshaliwa.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hicho kidevu, umegombana na paka?"

Nafasi yenyewe hiyo! Nikauchomoa, nikaukunjua, nikatangaza kwa sauti kwamba huu ndio wembe wa babu yetu, kinyozi wa Wazungu, na leo asubuhi nimenyolea ndevu zangu.

Kisha shangazi, dada yake baba, akaangua kicheko mpaka akashika nguzo.

"Mtoto huyu! Kanyolea ndevu wembe wa jando! Baba yetu alikuwa ngariba, wewe! Wazee wote hao mkekani wamepita hapo!"

Mzee mmoja akajifunika mapajani kwa sinia kama ngao, vijana wakatoa simu kunirekodi, hata bibi harusi nikamsikia huko ndani akicheka. Mpaka alasiri jina langu lilikuwa Ngariba wa Ndevu. Aibu ilinipata, lakini nasema kweli, na raha pia, maana sikuwahi kutaniwa na watu wa kwetu.

Baba mkubwa peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono akauchukua, akawa anaupapasa mpini kwa kidole gumba.

"Mistari iko wapi?"

"Mistari gani, baba mkubwa?"

"Kila mtoto aliyetahiriwa, baba alimchorea mstari wake hapa. Wa kwanza wangu. Chini yake wa baba yako, ulipinda, maana alikuwa bado anarusha mateke."

"Niliisugua," nikasema. "Nilidhani mikwaruzo tu."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliendelea kupapasa, halafu akanirudishia.

"Basi, mwanangu. Hukujua."

Nikarudi Misugusugu na wembe unang'aa, sina wa kumsimulia. Alama pekee ya baba niliyowahi kuishika, nimeifuta mwenyewe, tena kwa bidii. Nimeapa kitu cha wazee sikigusi tena kabla ya kuuliza, hata haya zinitafune mzimamzima. Ila wa kuwauliza wamebaki wawili tu, shangazi na baba mkubwa, na baba mkubwa uzee umeanza kumsahaulisha, ananiita kwa jina la baba.