Kahawa Huchambuliwa Hata Ikiwa Juani

Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa redio na simu yenye kioo kilichopasuka, huku nikipalilia migomba ya nyumbani, kijijini Nyakakika. Nilichoogopa ni maneno yanayofanana kama mapacha. *Collect* ni kukusanya, *correct* ni kusahihisha, lakini ulimi wangu uliolelewa na Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, huyatamka kama neno moja. *Live* ni kuishi, *leave* ni kuondoka, na kinachoyatenga ni kuvuta sauti kidogo tu. Nakiri kwamba nimewahi kujifanya nakohoa ili nisimsalimie mgeni.

Msimu huu kikundi chetu cha wakulima kilipata habari kwamba mnunuzi wa kahawa kutoka nje anakuja kututembelea. Aliyekuwa akitutafsiria amehamia mjini. Mwenyekiti akaja kuniomba nishike nafasi yake. Nikiiweza siku hiyo, kazi ni yangu. Ni kazi niliyoitamani tangu nimalize shule, na bado nikamwambia sijawa tayari, labda msimu ujao. Akasema atapita tena jioni kusikia jibu la mwisho.

Nilimkuta mama kwenye kichanja cha kuanikia akigeuza kahawa. Nikamweleza hofu yangu: nitataka kusema tunaishi hapa, nijikute nimesema tunaondoka. Akaendelea kugeuza. Mimi nikaokota punje iliyosinyaa, kisha nyingine, nikalalamika kwamba tulishazichambua zote kabla ya kuanika.

"Hizo zilijificha," akasema. "Jua ndilo linalozitoa. Ningesubiri mbovu ziishe ndipo nianike, zote zingeozea guniani."

"Na mgeni akinicheka, mama?"

"Acheke. Wewe si unanicheka kila siku nikisema Kiswahili? Mbona nikikutuma dukani unaleta nilichotaka?"

Nilicheka, maana ni kweli. Jioni mwenyekiti alipopita nikamwambia nitakuja, kwa sauti ndogo mpaka akaniomba nirudie.

Siku yenyewe mgeni alifika kwetu, akauliza jinsi tunavyovuna. Nikafika kwenye neno la kukusanya, ulimi ukateleza, nikajisikia mwenyewe nikitamka lile la kusahihisha. Zamani ningenyamaza hapo hapo. Nikachota kahawa mbivu kikapuni, nikamwonyesha, nikalirudia neno polepole. Likatoka afadhali kidogo. Nikaendelea. Mama akamletea kahawa kavu ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha yeyote. Mgeni akatafuna, akakunja uso, akauliza swali jingine, nikamjibu. Nilikosea tena mara kadhaa, na mazungumzo hayakukatika.

Mgeni alipoondoka, mwenyekiti hakunipa sifa yoyote. Aliniambia tu nitafute mabuti, kwa sababu Alhamisi tunampeleka Kaisho na njia ya huko ina tope.

Mabuti nimeazima kwa mama. Asubuhi hii nageuza kahawa yake, nikitamka *live*, kisha *leave*. Yeye ananifuatisha, anayakosea yote mawili, wala haachi.