Leo Baba Kulwa ameingia kanisani

Mume wangu leo ameingia kanisani. Peke yake!

Mnaomjua Baba Kulwa, kaeni kwanza.

Kila Jumapili hunipeleka kwa baiskeli, mvua au jua, halafu hunisubiri nje kivulini. Nikimwita aingie, hujibu, "Nenda tu mayu, mke wangu, Mungu ananiona hapa hapa."

Leo malaria imenilaza. Asubuhi nikamwona anapiga pasi shati, nikajua anaenda mnadani. Hata hakuaga.

Mchana karudi na akina mama wawili wa kwaya, wamenibebea uji. Mmoja akaninong'oneza, "Mama Kulwa, mwenzio leo kakaa kwenye benchi letu, katikati ya wanawake!"

Nilicheka, na homa yangu yote.

Walipoondoka nikamuuliza, "Baba Kulwa, kwa nini hukukaa upande wa wanaume?"

Akainamisha kichwa.

"Niliona nafasi yako iko wazi. Nikashindwa kuiacha hivyo."

"Na mchungaji kahubiri nini?"

"Sijui, Mama Kulwa. Mimi nilikuwa nakuombea tu."

Jamani, nimegeukia ukutani nikalia.

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?